Mishikaki ya Candide

Mimi pombe sinywi. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Mwanga, Kigoma, kuna watu wenye midomo. Miaka ile ya wakimbizi waliniona nimekaa kwa Bariki, baa ya mtaa wa nyuma ya soko, jioni baada ya jioni, wakaenda kumwambia mke wangu kwamba Mwinshehe muuza mawese ameanza kulewa uzeeni. Uongo mtupu. Benchi langu lilikuwa nje ya baa, chini ya bati la fundi cherehani wa jirani, na mkononi nilikuwa na soda ya tangawizi. Nilichofuata pale ni kula.

Na kula si dhambi. Mimi ni mtu wa tumbo, nimezaliwa hivyo, na mji huu unamfaa mtu wa tumbo. Asubuhi nakunywa kahawa ya Ujiji kwenye kikombe kidogo, chungu hasa, na kashata ya karanga pembeni. Jua likipanda kidogo, pale sokoni kuna mama anakaanga mihogo kwa mawese yangu mwenyewe, anainyunyizia chumvi na pilipili ya kusaga, unaila ingali inakuunguza ulimi. Ukishuka Kibirizi wavuvi wakiwa wamerudi, unapata mgebuka uliobanikwa hapo hapo kando ya maji, ngozi imekauka, ndani mafuta yanatiririka. Vyote hivyo kwa hela ya mtu mnyonge. Nimewahi kula mara moja kwenye hoteli yenye vitambaa mezani, Dar es Salaam huko. Nililetewa wali kiduchu na uma mkubwa, nikatoka na njaa na hasira. Chakula cha kweli kinapikwa nje, na mpishi unamwona usoni.

Basi mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba hajapata kuonja kitu kama mishikaki ya Candide, msikilize.

Candide alikuja na wakimbizi wa Burundi baada ya vita ya mwaka tisini na tatu. Aliwekwa kambini na kaka yake Gélase, wakapanga foleni ya mahindi na maharage pamoja na wenzao. Ila wao walikuwa na shangazi aliyekaa kule Bangwe, Melania, ambaye alikimbia tangu vita ya sabini na mbili akaolewa hapa hapa na kuzalia hapa hapa. Melania akahangaika huku na huku mpaka wakapewa kibali cha kukaa kwake. Kibali kilikuwa na sharti lake: Candide awe na kazi inayojulikana na mwenyeji wa kuithibitisha. Kazi ikikatika, kibali kinakatika, anarudi kambini. Hilo kila mtu pale mtaani alilijua, maana Melania hakuwa mtu wa kuficha shida zake.

Bariki mwenye baa akampa kona ya baraza. Si kwa huruma, Bariki simjui kwa huruma. Baa yake ilikuwa imepooza, wateja wanakunywa wakitafuna karanga na mayai ya kuchemsha, njaa ikiwashika wanaondoka. Akamwambia Candide aweke jiko pale; watu wakija atabaki, wasipokuja ataondoka.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa dharau, sifichi. Nilitaka kumwona huyo anayekuja kuwafundisha watu wa Kigoma kuchoma nyama. Nikamkuta mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, kimya, amesimama nyuma ya jiko la pipa lililopasuliwa katikati. Mishikaki yake alikuwa ameitunga kwenye spoki za baiskeli. Yeye aliiita burusheti, kama wanavyosema kwao. Vipande vya mbuzi vilikuwa vinene, na kati ya pande na pande aliweka kipande cha mafuta na kitunguu. Nikakaa kumtazama, nikingoja akosee.

Hakukosea. Wachomaji wengi hawana subira, wanageuza geuza nyama mpaka inakauka. Candide aliiacha. Aliusogeza mkaa kwa mkono wake mtupu, haki ya Mungu, kwa vidole, upande huu mkaa mkali na upande ule wa kupumzishia. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, ukaingia baa nzima, ukatoka barabarani, na watu waliokuwa wanapita na shughuli zao wakasimama. Nikaletewa wangu kwenye kipande cha gazeti, na ndizi mbili za kuchoma, na chumvi iliyochanganywa na pilipili mbuzi. Nikang'ata. Nje nyama ilikuwa kavu yenye harufu ya moshi, ndani laini, ina maji yake, na pale kipande cha mafuta kilipofikiwa na meno kiliyeyuka chote. Nikang'ata tena, na tena. Mzee Feliksi, rafiki yangu wa siku nyingi, katekista mstaafu wa kule Kalinzi, yeye na chupa yake ya bia, akaniuliza kama naumwa, maana hajawahi kuniona nakula bila kulalamika.

Tangu jioni ile tukawa watu wa pale. Ile baraza ikajaa mpaka Bariki akaazima mabenchi kanisani. Walevi ndani, sisi wa soda nje, na sinia moja katikati, maana mishikaki hailiwi peke yako. Feliksi anachukua huku, mimi nachukua huku, na mwalimu, na kuli wa bandarini, na vijana wa bodaboda za baiskeli. Siku hizo mji ulikuwa na maneno makali juu ya wakimbizi. Wanamaliza kuni, wanaiba kuku, warudi kwao. Nilishayasikia hata kwa watu niliowaheshimu. Lakini pale kwenye jiko la Candide sikuyasikia. Mtu mwenye burusheti mdomoni anapata wapi nafasi ya kutukana?

Siku moja watu walipopungua nilimwambia akae kidogo, apumzishe miguu. Akanijibu bila kuacha kupepea mkaa:

“Kambini nilikuwa nalishwa, Mzee. Hapa nalisha watu. Sichoki.”

Nilimpenda tangu siku ile, kama mtu anavyompenda binti yake anayejua kazi. Nikawa namletea mawese ya kukaangia dagaa nyumbani, yale mekundu mazito ya chini ya pipa, nisiyomuuzia kila mtu.

Sasa nieleze kosa. Hapa kwetu nyama ya kuuza inachinjwa na Mwislamu, ili wote waile. Mwislamu analijua hilo, Mkristo analijua, nadhani hata mbuzi wanalijua. Halikuandikwa ukutani popote. Unakuta mchinja buchani Mwislamu, mwenye bucha Mkristo, na wateja mchanganyiko, na maisha yanakwenda. Kwa sababu ni jambo tunalolijua wote, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwambia Candide. Kwao mbuzi anachinjwa na yeyote mwenye kisu kikali. Naye kwa sababu hakuambiwa, hakuuliza.

Jumamosi moja mchana akaja Pastory, mwenye bucha pale sokoni. Pastory alikuwa na wivu wa wazi. Alikuwa ameshajiuliza mbona mwanamke huyu anachoma nyama kila siku na dukani kwake hajaonekana. Akasimama mbele ya jiko, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, nyama hii inachinjwa na nani.

Mimi nilikuwa na pande mdomoni. Nikamjibu kwa niaba ya Candide, tena kwa hasira, kwamba inatoka machinjioni, inatoka wapi pengine. Nilimwona Candide ananitazama. Angenyamaza tu, mambo yangeisha. Hata kama hakujua mila zetu, alisikia kwa sauti ya Pastory kwamba kuna jibu zuri na jibu baya, na lile zuri nilikuwa nimeshampa mimi.

“Oya, Mzee,” akasema, yaani hapana kwa lugha ya kwao, akitikisa kichwa. “Anachinja kaka yangu Gélase. Nyumbani kwa shangazi.”

Baraza nzima ikaacha kutafuna. Nililitoa lile pande mdomoni nikalifunga kwenye leso. Halafu nikasimama, nikamfokea. Nilimwambia maneno mengi ambayo sina haja ya kuyarudia, nikamuuliza ametulisha nini miezi yote hii. Alikuwa ameshika kipepeo cha mkaa kifuani. Akanijibu polepole kwamba ametulisha mbuzi, na kama mbuzi wa Gélase ana kasoro tumweleze, atajifunza. Aliuliza kwa nia safi kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, maana nilitaka aniombe radhi au anikasirikie, na yeye alitaka kujua.

Fundi cherehani ndiye aliyemweleza. Aliposikia, uso ulimbadilika, akaitoa mishikaki yote motoni, hata ile mibichi.

Tukaondoka sisi Waislamu. Mtu angedhani Wakristo wangebaki, wao hawakuwa na tatizo. Lakini Feliksi alisukuma sinia pembeni akasema, kama Mwinshehe hali, yeye atakula akimtazama nani. Wengine nao hivyo hivyo. Sinia la watu wote likibaki na nusu ya watu halina raha. Jioni ile baa ilirudi kwenye karanga na mayai yake. Bariki akamwita Candide pembeni, akampa mpaka Jumamosi inayofuata. Kama watu hawatarudi kwenye sinia, kona ile atapewa mkaanga chipsi, na karatasi ya kibali yeye hataithibitisha tena.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Binti Kasongo, nikitegemea anipoze. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaenda kwa imamu. Imamu akaniambia aliyekula bila kujua hana dhambi, nimwombe Mungu msamaha na siku nyingine niulize. Akaniuliza pia kama ni kweli mishikaki ile ilikuwa tamu kama watu wanavyosema. Nikarudi nyumbani nimenuna. Siku zikapita, mgebuka haunishuki, mihogo hainishuki, na Binti Kasongo akachoka na uso wangu.

“Una mikono miwili na shahada unaijua,” akaniambia. “Nenda kachinje wewe, utuache tupumzike.”

Nikamwambia ni wazimu, mimi ni muuza mafuta. Ila usiku sikulala vizuri, na Ijumaa baada ya sala nikateremka Bangwe.

Niliwakuta uani kwa Melania. Candide alikuwa anasugua lile jiko la pipa kwa mchanga, lisafishike, apate mtu wa kumwachia. Spoki zilikuwa zimefungwa kwa kamba. Gélase alikuwa ameshafunga mizigo yao miwili, midogo ya kutia huzuni. Aliponiona Candide alipiga goti kidogo, shikamoo Mzee, kama kawaida yake, kana kwamba sikuwahi kumfokea mbele za watu. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanipotea yote. Nikamwambia Gélase apande Kalinzi akatafute mbuzi mzuri, kesho asubuhi nitachinja mimi, na kila siku ya mbuzi nitachinja mimi.

Melania akaanza kulia. Candide hakulia. Aliniuliza kama nina hakika, na kama nimewahi kuchinja mbuzi. Nikamwambia mara nyingi.

Sikuwahi. Kuku nimechinja. Mbuzi wa Idi namlipa mtu, mimi nashika kamba nikitazama upande wa pili.

Asubuhi Gélase akamleta beberu mweusi, mpole, aliyetembea naye kwa miguu kutoka milimani na kumzoea njiani. Tukamlaza kuelekea kibla. Gélase akashika miguu, mimi nikashika kichwa, na yule mbuzi akanitazama. Hakulia wala hakupigana. Nilikuwa nimekula mamia ya namna yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama. Nikatamka jina la Mungu, nikafanya haraka kama sheria inavyotaka, na kisu kilikuwa kikali, Alhamdulillahi. Lakini damu ilinirukia mikononi ikiwa ya moto, na kisu kikaniponyoka. Gélase alinishika bega akanikalisha kwenye kinu. Akaanza kuchuna bila kunicheka, na mimi namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nikaoga, nikabadili nguo, nikaenda sokoni kutangaza. Nilimwambia kila aliyenunua mawese. Nilisema msikitini baada ya adhuhuri. Pastory nilimfuata buchani kwake mwenyewe, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mbuzi wa Candide amechinjwa na Mwinshehe, na mwenye shaka na Uislamu wangu ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Jioni walikuja. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, ila hawakukaa. Walisimama barabarani kwenye mafungu mafungu, Feliksi akiwa mbele na chupa yake, wakitazama. Bariki alisimama mlangoni amekunja mikono. Jiko lilikuwa limewaka, moshi unapanda ule ule, mafuta yanadondoka yale yale, na Candide anausogeza mkaa kwa vidole. Akaniletea mshikaki wa kwanza, peke yake kwenye sinia kubwa.

Na mimi nikashindwa.

Harufu ile niliyoililia wiki nzima ilinifika puani, nikamwona beberu mweusi. Nikaushika ule mshikaki, nikauweka. Nikanywa soda. Nikaushika tena. Nyuma kule nikasikia sauti ya Pastory, si kubwa, ila inatosha: mbona mchinjaji mwenyewe hali? Watu wakaanza kunong'ona. Nilielewa wanachofikiri. Wanadhani nimesema uongo ili kumwokoa, na sasa namwogopa Mungu. Nikiapa hawataniamini, nikieleza kwamba nimemwonea mbuzi huruma, mimi Mwinshehe mlaji, watacheka mpaka kesho na bado hawataamini.

Candide alikuwa amekuja na bakuli la pilipili. Alinitazama mikono inavyoushika mshikaki na kuuweka. Mtu aliyekulia kwenye machinjo ya mbuzi anajua. Akainama kama anayepanga chumvi kwenye sinia, akaniambia chini chini:

“Acha, Mzee. Mtu halazimishwi kumeza. Kambi naijua njia yake, nitarudi tu.”

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Mwanamke huyu angeweza kusema uongo wiki iliyopita akabaki na kazi yake, hakusema. Leo angeweza kunisihi nile, hakunisihi. Alikuwa tayari kurudi kwenye foleni ya mahindi, yeye na kaka yake na mizigo yao miwili, ili mzee mmoja mwenye kelele asiaibike kwa kutapika mbele za watu. Nilijisikia mdogo na nikamwonea fahari kwa pamoja, na machozi yakanijia karibu kabisa.

Nikachukua mshikaki nikang'ata pande la kwanza. Nilitafuna muda mrefu. Nilimwona yule beberu kwa kila tafuno, na nyama ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu ajabu, laini, na chumvi yake, na moshi wake. Nilikasirika kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Nikameza. Nikang'ata la pili, na kipande cha mafuta, na kitunguu, nikashusha mpaka spoki ikabaki chuma kitupu, kisha nikainyanyua juu wote waione.

“Feliksi,” nikasema, “nitakula peke yangu mpaka lini?”

Mzee Feliksi akaja kukaa. Fundi cherehani akaja. Mwalimu akaja, na makuli wa bandarini, na imamu mwenyewe, niliyekuwa sijamwona kule nyuma, akivua viatu vyake kana kwamba anaingia ndani ya nyumba. Mabenchi yakajaa. Bariki akaufungua mlango wa pili. Pastory alikaa wa mwisho, akaagiza miwili.

Candide hakunishukuru. Aliniwekea mshikaki mwingine mbele yangu, mnene kuliko ule wa kwanza, akarudi kwenye jiko lake, maana watu walikuwa wengi na wote walikuwa na njaa.